Ng'ombe Haelemewi na Nunduye: Wapeni Vijana Uongozi

Liko neno ambalo limezoeleka mno vinywani mwa wakubwa wetu hata limekuwa kama salamu. Kijana akiuliza, "Na sisi je?", hujibiwa: "Ninyi ni taifa la kesho." Hupewa fulana na bendera, huambiwa aimbe mpaka sauti imkauke, kisha mkutano ukiingia katika mambo ya fedha na kura huombwa atoke nje akapange viti. Siku ya pili akirudi kuuliza, huambiwa tena: kesho. Twasema wazi katika gazeti hili, na asiyependa na atujibu: kesho ya namna hiyo haifiki. Imewekwa mbali makusudi ili isifikiwe.

Hatutaki kulijadili jambo hili kwa maneno matupu, maana maneno matupu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Tutatoa mfano mmoja, tena wa mahali ambapo wengi hawakupatazamia: zizini. Tutaeleza jinsi watoto wa wafugaji wa Marekani wanavyoendesha vyama vyao vya ng'ombe wakiwa na kura yao, halmashauri yao na kazi yao. Wako watakaocheka na kusema, "Gazeti la chama limekosa la kuandika hata likaandika habari za ndama?" Na wacheke. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, nayo huhesabiwa miongoni mwa nchi za kwanza katika Afrika yote kwa wingi wa mifugo. Anayecheka habari za ng'ombe hapa kwetu anacheka chakula cha watoto wake.

CHAMA CHA NG'OMBE NI KITU GANI?

Huko Marekani kila aina kubwa ya ng'ombe wa nyama ina chama chake. Wafugaji wa Hereford walianzisha chao mwaka 1881. Wafugaji wa Angus, ng'ombe weusi wasio na pembe ambao asili yao ni Scotland, walianzisha chao mjini Chicago tarehe 21 Novemba 1883, miaka 10 tu baada ya bwana mmoja, George Grant, kuleta madume manne ya aina hiyo katika jimbo la Kansas. Leo makao makuu ya chama hicho yako St. Joseph, katika jimbo la Missouri.

Kazi ya kwanza ya chama kama hiki ni kutunza daftari la ukoo. Ndama akizaliwa huandikwa: baba yake ni yupi, mama yake ni yupi, alizaliwa siku gani, mwenye mali ni nani. Kisha hupimwa kwa mizani: uzito wa siku ya kuzaliwa, uzito wa kuachishwa ziwa ambao hesabu yake hufanywa kwa siku 205, na uzito wa kutimiza mwaka. Mtu akiandika uongo katika daftari hilo hamdanganyi jirani yake peke yake. Anawadanganya wote watakaonunua watoto, wajukuu na vitukuu vya ng'ombe huyo, wengine hawajazaliwa bado. Daftari la namna hii huishi kwa uaminifu, na likikosa uaminifu halina thamani ya karatasi yake.

Sasa sikilizeni, ndugu. Pembeni mwa vyama hivi vya watu wazima viko vyama vya vijana. Chama cha vijana wa Angus ni cha wale ambao hawajapita umri wa miaka 21. Ng'ombe huandikishwa kwa jina la kijana mwenyewe. Halmashauri yake kuu ina vijana 12. Kila mwaka, mwezi wa Julai, kwenye maonyesho yao ya taifa, wajumbe kutoka majimbo mbalimbali, nao ni vijana vilevile, hupiga kura kuchagua wapya sita, na kila aliyechaguliwa hutumikia miaka miwili. Wale sita walio katika mwaka wao wa pili ndio wanaoshika madaraka: mwenyekiti, makamu wake, na wenye dhamana ya mafunzo ya uongozi, ya wanachama, ya habari na ya mfuko wa kusaidia vijana. Majimboni nako wana matawi yenye viongozi wao.

Hebu tazameni jambo hilo kwa macho mawili. Hawa ni watoto wa shule na vijana waliotoka shuleni jana. Hawakuteuliwa na waziri wala na mzee yeyote mwenye mpwa. Wamechaguliwa na wenzao, kwa kura, kwa muda uliopimwa.

MAMBO MANNE YA KUJIFUNZA

Jambo la kwanza ni kwamba kijana huyu ana kitu halisi mkononi. Mtamba wake akikosa maji atakonda. Akiachwa bila chanjo ataugua. Akipandishwa dume lisilofaa atazaa ndama mbaya, na hakuna hotuba itakayomfanya ndama huyo kuwa mzuri. Ng'ombe hapokei visingizio. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu twajua kwamba hakuna mtoto aliyejifunza kuogelea kwa kuchorewa mto ubaoni. Vivyo hivyo hakuna kijana atakayejifunza uongozi kwa kusomewa maana ya uongozi. Mpe kitu ambacho kikiharibika kitaonekana kimeharibika, na kikistawi kitaonekana kimestawi, kwa jina lake.

Jambo la pili ni kutoa sababu. Katika mashindano ya kuamua mifugo, ambayo ni sehemu ya malezi ya vijana hawa, kijana huletewa ng'ombe wanne. Huwatazama, akawapanga kuanzia wa kwanza hata wa nne, akaandika mpango wake. Hapo kazi haijaisha. Husimama peke yake mbele ya mwamuzi na kueleza kwa kinywa chake, kwa dakika mbili hivi: kwa nini huyu nimemweka mbele ya yule, mgongo wake ukoje, miguu yake ikoje, na huyu niliyemweka nyuma amemzidi mwenzake kwa lipi. Hupewa alama kwa mpango wake, na alama nyingine kwa sababu zake. Aliyepanga sawa kwa kubahatisha hujulikana mara moja, maana hana la kusema.

Tuulizane, ndugu: katika mikutano yetu mingapi mtu husimama akasema, "Nampa kura fulani kwa sababu hizi tatu, ingawa mpinzani wake amemzidi kwa hili moja"? Mara nyingi tumeona kura zikifuata khanga, kofia na sukari. Mtoto wa miaka 14 anayelazimika kueleza kwa nini ng'ombe huyu ni bora kuliko yule amefundishwa siasa kuliko mtu mzima aliyepiga makofi miaka 30.

Jambo la tatu ni kwamba vijana hupimwa wao, wala si mali ya baba zao peke yake. Liko shindano la kumwongoza ng'ombe uwanjani ambalo mwamuzi humtazama mtoto kuliko mnyama: amemshikaje kamba, amemtulizaje, amemsimamishaje miguu. Mtoto mwenye ng'ombe wa kawaida aweza kumshinda mtoto wa tajiri. Tena hutenganisha mashindano ya ng'ombe waliozalishwa na kijana mwenyewe na ya wale walionunuliwa. Twaipenda sana tofauti hiyo. Ingekuwa amri yetu, hata katika chama tungeandika madaftari mawili: viongozi waliozalishwa na kazi yao, na viongozi walionunuliwa sokoni.

Jambo la nne ni ukomo. Umri ukifika, kijana hutoka. Hakuna cha kuombwa aendelee na hakuna wazee wa kumlilia abaki. Miaka miwili ikiisha, kiti huwa wazi na mwingine hukikalia. Hapa kwetu tumeona "vijana" wenye mvi. Tumeona mwenyekiti wa vijana ambaye mwanawe wa kwanza amekwisha kuoa. Anayekaa katika kiti cha vijana hali ujana wake umekwisha anamla ndama nyama kabla hajakua.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wa kwanza husema: "Penye wazee haliharibiki neno. Vijana hawana uzoefu." Methali hiyo twaiheshimu, na wazee wetu twawaheshimu. Lakini uzoefu hauanguki kutoka mbinguni siku mtu atimizapo miaka 50. Uzoefu ni makosa yaliyofanywa mapema, yakiwa bado madogo, mbele ya mtu wa kusahihisha. Ukimnyima kijana makosa madogo ya miaka 17, atayafanya akiwa na miaka 47, na wakati huo atakuwa ameshika wilaya. Samaki mkunje angali mbichi. Twashangaa kwamba waiimbao methali hii kila siku ndio wanaongoja samaki akauke.

Wa pili husema: "Vijana wakipewa fedha watazila." Je, fedha zilizoliwa mpaka leo zimeliwa na vijana? Kitabu cha hesabu kinachosomwa hadharani humlinda kijana, humlinda na mzee. Fedha huliwa gizani, na giza halina umri.

Wa tatu husema: "Wazee watakosa kazi." La hasha. Katika vyama hivyo vya ng'ombe watu wazima wapo, tena wengi. Husafirisha mifugo, huamua mashindano, hufundisha, huchanga, hushauri. Wamebaki na kazi zote isipokuwa moja tu: kupiga kura ya mtoto kwa niaba yake. Mzee asiyejua kufanya lolote ila kumpigia mtoto kura yake, huyo kweli atakosa kazi, na hatutamlilia.

Wa nne, na huyu ndiye mjanja, husema: "Hayo ni mambo ya Wazungu, hayatufai." Huyu hujivika joho la uzalendo ili afiche woga wake. Tumjibu kwa utaratibu.

RIKA LILIKUWA LETU

Ni nani asiyejua kwamba watu wa ng'ombe katika nchi zetu walikuwa na serikali ya vijana kabla ya kuonekana meli ya mkoloni? Tazameni Wamasai. Vijana wa rika moja hupata laigwanani wao, msemaji na kiongozi, naye hutoka ndani ya rika lenyewe. Wazee hawatupwi. Rika la wazee fulani, tena lile lisilo juu yao moja kwa moja bali la juu ya hilo, ndilo huwa walezi wao na kuwaongoza kwa mashauri. Kisha wakati ukitimia rika zima huvuka, huacha umorani, na wengine hushika nafasi yao. Kiongozi kutoka ndani, mlezi kutoka juu, na muda wenye mwisho. Mambo hayo matatu ndiyo tuliyoyaona Missouri. Hatukuyapeleka sisi wala hawakutuletea wao. Watu wanaoishi kwa ng'ombe wamejua, kila mmoja kwake, kwamba kundi lisilo na vijana wenye dhamana litaliwa na simba.

Basi tunaposema vijana wapewe uongozi hatukopi kitu ng'ambo. Twadai deni letu la nyumbani. Aliyetuondolea desturi hii ni mkoloni, aliyetaka machifu wa kumtii na vijana wa kumbebea mizigo. Ajabu ni kwamba miaka 60 na zaidi tangu bendera yake ishushwe, wako wenzetu wanaoilinda kasumba hiyo kana kwamba wameachiwa urithi.

TUSIIGE UBOVU WAO

Hata hivyo mtu akikusimulia uzuri wa nchi ya watu bila kukusimulia ubaya wake, huyo ni wakala. Sisi si mawakala wa mtu. Yako mawili katika habari hii ya Marekani ambayo yatupasa kuyakataa.

La kwanza ni fedha. Ng'ombe wa maonyesho huko hununuliwa kwa maelfu ya dola, na mzazi mwenye uwezo aweza kumwajiri fundi amtengeneze mnyama, amkate manyoya na kumchana, mtoto aje tu kushika kamba siku ya picha. Tamaa ya zawadi ikizidi, uovu huingia. Mwaka 1994, baada ya maonyesho ya jimbo la Ohio, maksai kadhaa walioshinda mashindano ya vijana waligunduliwa kuwa wamechezewa, wengine kwa dawa ya kukuza misuli iliyokatazwa, wengine kwa mafuta yaliyodungwa chini ya ngozi ili waonekane wamejaa vizuri. Hapo uongozi wa vijana uligeuka uongo wa wazazi. Mtoto aliyeambiwa na babaye anyamaze kuhusu sindano amefundishwa somo, naye halisahau. Kwa hiyo twasema: palipo na vijana pawe na zawadi ndogo na ukaguzi mkubwa.

La pili ni ubaguzi, na hili wana chama lazima mlielewe, kwa sababu ndani yake mna siri ya uongozi wote. Vijana wengi wa vyama hivi vya ng'ombe ni wanachama pia wa chama kikubwa cha wanafunzi wa kilimo, kiitwacho kwa kifupi FFA, kilichoanzishwa Kansas City mwaka 1928. Katika majimbo ya kusini vijana weusi hawakuruhusiwa kuingia. Wakaunda chama chao, New Farmers of America, kilichofanywa cha taifa mwaka 1935 huko Tuskegee, Alabama. Walikuwa na matawi yao, mashindano yao, viongozi wao wa taifa. Mwaka 1965, sheria za ubaguzi zilipokuwa zikivunjwa, chama hicho kilichokuwa na wanachama wapatao 50,000 kiliunganishwa na kile kikubwa.

Wengi walifurahi, na kuvunjwa kwa ubaguzi ni jambo la kufurahiwa. Lakini tazameni hesabu ya viti. Jina lililobaki ni la chama kikubwa. Nembo iliyobaki ni ya chama kikubwa. Vijana weusi, ambao jana walikuwa na rais wao wa taifa, wakawa wachache katika nyumba ya watu wengi. Corey Flournoy, kijana wa Chicago, alipochaguliwa mwaka 1994 kuwa rais wa kwanza mweusi wa chama hicho, ilikuwa imepita miaka 29. Na wasichana? Waliruhusiwa kuwa wanachama kitaifa mwaka 1969. Msichana wa kwanza kuwa rais wa taifa alipatikana mwaka 1982, miaka 13 baadaye.

Haya ndiyo tunayotaka kila kijana wa tawi ayashike moyoni: kuingia si kuongoza. Kadi ya uanachama yafungua mlango, lakini haikupi kiti. Watu waweza kukukaribisha, wakakushangilia, wakakuhesabu katika takwimu zao, na ukakaa miaka 29 ukitazama migongo ya wengine. Wasichana wetu, mnaojazwa katika magari siku ya sherehe na kusahauliwa siku ya uteuzi, hili lawahusu kwanza.

ALIYESHIKA KALAMU NDIYE MWENYE NENO

Turudi Afrika ya Mashariki, maana ushahidi mwingine uko hapa hapa. Wako ng'ombe waitwao Boran. Jina lao limetokana na Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao vizazi kwa vizazi waliwachagua ng'ombe hao wastahimili jua, kiu na malisho haba. Lakini chama cha wafugaji wa Boran cha Kenya kilipoanzishwa mwaka 1951, kilikuwa cha walowezi wenye mashamba makubwa. Wao ndio walioandika daftari la ukoo, wao ndio walioamua Boran bora ni wa namna gani. Leo damu ya Boran imefika hata Afrika Kusini na Australia. Mborana aliyemlea mama wa mama wa ng'ombe huyo hayumo katika kurasa za kwanza za daftari.

Kazi ilikuwa yake, kalamu ilikuwa ya mwingine. Ndugu, hiyo ndiyo sababu tunawataka vijana wa wafugaji wajifunze kuandika daftari la ukoo, si kuswaga tu. Mtoto wa Kisukuma, wa Kigogo, wa Kimasai au wa Kibarbaig anajua ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi na kwa ukoo. Anajua huyu ni mtoto wa yule mwenye doa aliyezaa mapacha mwaka wa ukame. Elimu hiyo ni daftari zima lililomo kichwani. Ikibaki kichwani itakufa naye. Ikiandikwa, ikapimwa kwa mizani na kusainiwa kwa jina lake, inakuwa mali, na dalali wa mnada hataweza kumpangia bei kama anavyompangia mjinga.

Hata ng'ombe wa Mpwapwa, waliozalishwa na wataalamu katika kituo cha Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya damu ya ng'ombe wetu na ile ya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, wanangoja mikono ya vijana. Ng'ombe wa namna hii hawezi kuenea kwa kukaa kituoni tu. Huenea pale ambapo kijana wa kijiji amekabidhiwa mtamba, ameandika kila ndama, na amesimama mbele ya wenzake kueleza kwa nini dume hili libaki na lile lihasiwe.

Wako watakaotukumbusha kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Methali hiyo ilitungwa na mtu aliyechoka, nasi hatumlaumu. Lakini ng'ombe wa maskini akiwa katika kundi la vijana 20 waliochaguana, wenye dume moja zuri la pamoja, josho moja na daftari moja, huzaa kama wa tajiri. Umaskini wake ulikuwa upweke wake.

TUNADAI NINI?

Tusije tukaambiwa kwamba tumelalamika bila kusema tunachotaka. Tunataka mambo matano.

Moja: kila chama cha ushirika cha wafugaji kiwe na tawi la vijana lenye halmashauri inayochaguliwa na vijana wenyewe kwa kura ya siri. Mtu asiyekuwa kijana asipige kura humo, hata akiwa mfadhili.

Mbili: umri wa kutoka uandikwe katika katiba na ufuatwe. Siku ya kuzaliwa isomwe katika cheti, si katika sura ya mtu baada ya kunyoa ndevu.

Tatu: tawi likabidhiwe kitu halisi. Mitamba michache na dume moja ni bora kuliko semina 40. Kila anayepewa mtamba arudishe ndama jike wa kwanza kwa kijana mwingine, na jambo hilo liandikwe.

Nne: hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, na mwanachama yeyote awe na haki ya kuuliza akajibiwa pale pale. Anayeomba kura aseme sababu zake, na anayempa kura mwingine afundishwe kusema sababu zake pia.

Tano: wazee wachague miongoni mwao walezi wawili au watatu wa kila tawi, wenye heshima na subira, wasio na kura. Kazi yao iwe kusema, "Mwanangu, hapo patakuumiza," kisha kukaa kimya mpaka waulizwe.

Na yanayosemwa juu ya zizi yasemwe juu ya chama chetu vilevile. Tawi la vijana lisilo na kura yake, hesabu yake na kazi yake ni ngoma tu: hupigwa ikavuma, ndani mna hewa.

Wazee wetu, hatujaja kuwanyang'anya kitu. Twawaomba mtufanyie kile mlichofanyiwa ninyi. Wengi wenu mlipewa ng'ombe wa babu kuchunga mkiwa na miaka saba, porini, peke yenu, na fisi wakiwapo. Hakuna aliyewaambia ninyi ni wachungaji wa kesho. Mlikabidhiwa fimbo asubuhi, na jioni kundi likahesabiwa mbele yenu. Aliyepoteza alijibu, aliyerudisha wote alisifiwa. Kwa nini basi mtoto huyo huyo aliyeaminiwa mali yote ya ukoo akiwa na miaka saba asiaminiwe kura akiwa na miaka 20?

Vijana wenzetu, nanyi tuna neno nanyi. Uongozi hauletwi nyumbani kwa sinia. Acheni kungoja fulana. Itisheni mkutano wa tawi lenu mwezi huu. Andikeni majina, andikeni umri, andikeni mali mliyo nayo hata ikiwa kuku kumi na mbuzi watatu. Chaguaneni kwa kura. Wekeni siku ambayo waliochaguliwa watatoka. Mkiisha, pelekeni muhtasari kwa wazee na muwaambie kwa adabu: sisi tumeanza, njooni mtulee.

Watakaosema mzigo huu ni mzito kwa vijana, wajibuni kwa lugha ya wafugaji: ng'ombe haelemewi na nunduye. Uongozi wa vijana ni nundu yetu. Tumezaliwa nayo, na tutaibeba.